Saa Inayojua Tassia ni Mlimani

Naliaka mwanangu,

Umeenda Jericho kusukwa nywele, na ninavyokujua hutarudi kabla ya giza, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda pwani kuanza kazi ya kuzamia na wageni Diani. Nguo umepanga, viatu umepanga, na mambo ya kupika na kulala unayajua vizuri kuliko nilivyoyajua mimi nilipokuwa na umri wako. Sitayagusa. Barua hii ina ombi moja, nami naliweka juu kabisa kama nilivyofunzwa kazini: siku nitakapokupigia simu kukuita nyumbani, na saa iliyo mkononi mwako ikuonyeshe kwamba hujaruhusiwa kupanda, usije. Hata ukinisikia nalia. Hata ikiwa ni msiba. Msiba hasa.

Kwa mtu wa kwetu hilo ni ombi zito, najua. Ndiyo maana nimeamua kuliandika. Nikilisema kwa mdomo utaniambia, "Mathe, punguza stress," tutacheka, na jambo lenyewe litapita.

Nianze na hiyo saa. Watu wakikuuliza tuliichaguaje, huwa unawaambia kwamba mama yako aliigeuza kuwa uchunguzi. Ni kweli. Nimekuwa mwandishi wa habari tangu kabla hujazaliwa, na sijui kununua hata sufuria bila kwanza kuuliza watu. Ulipopata kazi, Kocha Mwinyi, yule aliyekufundisha kuzamia ulipokuwa kwenye mafunzo ya hoteli, alikwambia uje na kompyuta yako mwenyewe ya mbizi. Nilikuuliza ni kitu gani. Ulinijibu ukiwa unakata sukuma wiki, bila hata kuinua kichwa.

"Ni saa, mathe. Inakuonyesha umeshuka kiasi gani, umekaa huko chini muda gani, na umebakisha muda gani kabla mwili ikatae."

Nimehariri maelezo ya wataalamu miaka mingi. Hayo yako sikuona pa kuyapunguza.

Kijana wa lile duka la mjini alituwekea tatu juu ya kabati la kioo. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama kiberiti, kioo chake kina rangi zote, na ilikuja na kifaa cha kufungwa kwenye mtungi wa hewa ili isome iliyobaki. Ya pili ilikuwa imetumika. Hakuna aliyejua ilikuwa ya nani wala betri yake iliguswa lini. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ina vitufe viwili na namba nene, ukubwa wa saa ya kawaida.

"Hii ndiyo ya mabosi, madam," kijana akasema akiisukuma ile ya rangi upande wako. "Inaongea na simu, inaongea na mtungi."

"Na mwenye mkono, inaongea naye?" nikamuuliza.

Wewe hukuwa unatusikia. Ulikuwa umeishika ile ya rangi kama mtu aliyepewa kifaranga. Nilipokuonyesha ile nyeusi ulikunja uso. "Zii, mathe. Hii inakaa saa ya watchie."

"Mlinzi hachelewi," nikasema.

Tuliondoka bila kununua kitu, nikasema nataka kwanza kupiga simu. Ulininunia mpaka nyumbani Tassia, na ngazi zote ulizipanda mbele yangu bila kugeuka. Simu yenyewe niliipiga kesho yake nikiwa ofisini, nawe hukuisikia. Nataka uisikie leo.

Kocha Mwinyi ni mtu wa kutulia. Aliniacha nimalize maswali yangu yote kwanza. "Ile ya rangi ni nzuri, mama, simkatazi," akasema. "Lakini mwaka wake wa kwanza macho yake yatakuwa kwa wageni. Yataka namba aione kwa kutupa jicho tu, amalize, arudi kwa watu wake. Betri aweze kuibadilisha mwenyewe. Aiweke upande wa uangalifu, ile hali inayomrudisha juu mapema. Na iwe yake peke yake. Asimwazime mwenzake hata mara moja, kwani inakumbuka mwili wake, haimjui mwingine."

Nilimuuliza inakumbuka nini hasa. Akanieleza kuhusu naitrojeni, gesi iliyo katika hewa hii ya kila siku, kwamba chini ya maji inasukumwa kuingia damuni na kwenye nyama za mwili, na kwamba mtu akipanda polepole inatoka taratibu bila kumdhuru. Akipanda haraka inafanya povu humohumo ndani, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Hata baada ya kutoka majini inabaki kiasi, na saa inahesabu mpaka imalizike. Muda wote huo inaonyesha kindege kidogo kilichokatwa mstari. Kindege kikiwepo, usipande ndege.

"Na basi?" nikauliza. Swali la mazoea tu. Mtu akinipa kanuni huwa naigusa pembeni kuona kama inacheza.

"Basi la wapi, mama?"

"La kuja Nairobi."

"Nairobi iko juu," akasema. "Ndege, basi, treni, mwili haujui tofauti. Unajua kupanda tu."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliiweka chini.

Unakumbuka kifo cha Kukhu kwa upande wako. Nikupe upande wangu. Nyanya yako alifariki asubuhi katika nyumba ileile ya Jericho ambayo babu yako aliipata alipokuwa akifanya kazi reli, nyumba aliyokulelea wewe kila nilipokuwa safarini kutafuta habari. Kufikia adhuhuri ua ulikuwa umejaa watu, na mjomba wako Wanjala alikuwa ameshapanga kila kitu. Kwetu maiti haikai mjini. Alisema msafara wa kwenda nyumbani Kimilili ungeondoka kesho yake jioni, na kwamba hatungoji mtu. Mjukuu aliyelelewa na marehemu hawezi kukosa kwenye gari lililobeba jeneza. Hilo halikuhitaji kusemwa. Nikakupigia.

"Kukhu ametuacha," nikasema. "Panda gari leo."

"Sawa, mathe," ukasema.

Sikukuuliza ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa umezamia mara mbili asubuhi hiyo na wageni. Ilikuwa wiki yako ya mwisho ya mafunzo, na Kocha Mwinyi alikuwa bado baharini na kundi jingine. Ulijua kabisa kwamba hupaswi kupanda ndege. Hukupanda ndege. Ulipanda basi. Kompyuta uliyokuwa umevaa ilikuwa ya kituo cha mbizi, ya kuazima, kwa hiyo ulifanya kama mtu yeyote mwaminifu: uliiosha kwa maji baridi, ukaitundika kwenye msumari wake stoo, ukaondoka. Kindege kilibaki kule msumarini kikiuonya ukuta.

Uliingia Jericho alfajiri ukiwa na pakiti ya kachiri za muhogo uliyoinunua stendi ukashindwa kuila. Pakiti ilikuwa imefura kama mpira. Mjomba wako aliichukua mkononi, akaibonyeza, akasema, "Hii imeshiba njiani kuliko wewe." Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu jana yake. Mimi niliipokea, nikaitazama, nikaiweka mezani. Nalipwa kuuliza maswali, Naliaka. Hewa iliyofungiwa pwani ilikuwa imepanda mpaka Jericho na kutaka nafasi, nimeishika kwa mikono miwili, na sikuuliza kitu.

Jioni tukaondoka na jeneza. Unaijua ile barabara baada ya Nakuru, inavyozidi kupanda mpaka Timboroa, baridi inaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kule ni juu kuliko Nairobi. Ndiko ulikonigusa. "Mathe, mkono inaniuma ndani. Ndani kabisa." Nilikwambia umelalia dirisha vibaya. Nikakuchua kiwiko kwa dawa ya misuli iliyokuwa kwenye mkoba, na nikajiona mama mwema. Kwenye mazishi ulitupa udongo kwa mkono wa kushoto. Maumivu yakaisha baadaye, nasi tukayasahau.

Yote hayo nilimweleza Kocha Mwinyi kwenye simu, kwa utaratibu, kama ripoti.

"Kilikuwa kiwiko?" akauliza.

"Kiwiko."

"Ana bahati yake yule mtoto," akasema. "Wapo waliolala wakaamka miguu haina kazi." Hakuinua sauti wala hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema hutaingia majini tena mpaka daktari anayejua mambo ya mbizi akupime.

Ndiyo ile safari yetu ya kwa daktari. Nilikwambia kazi inataka cheti. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Daktari alikuuliza maswali mengi kuhusu kiwiko kwa sababu nilikuwa nimempigia kabla. Alikupima polepole, akakuta uko sawa, akatia sahihi. Nilitoka pale nikakununulia kuku, na wewe ukashangaa ni sherehe gani.

Unaweza kuuliza mtu wa kazi yangu aliwezaje kukosea hivyo. Jibu ni kwamba kazi yenyewe ilinifunza. Nilipoanza, sifa yangu ilikuwa kufika kabla ya wengine. Moto ukiwaka Mukuru kwa Reuben usiku, asubuhi nilikuwa nimeshakanyaga majivu. Mara moja niliwahi hivyo nikaandika kwamba mtoto wa nyumba fulani amekufa motoni, kwa sababu jirani aliniambia na sikungoja kumsikia wa pili. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake mtaa wa Pipeline, anakunywa uji. Nilirudi kuomba msamaha. Mama yake alinipa kiti na chai, akaniambia, "Wewe dada ulikuwa na haraka ya wapi?" Tangu siku hiyo nimejifunza kungoja kwenye karatasi. Nyumbani sikuwahi kujifunza. Nyumbani niliendelea kuamini kwamba mtu anayependa anafika upesi, na kwamba akichelewa ana lake.

Tuliporudi dukani nilikuwa nimeamua kutosema neno. Ulizichukua zote tatu tena, ukanyoosha mikono, ukafumba jicho moja na kulegeza la pili kama mtu aliye kwenye maji machafu. Ile ya rangi uliisifu, kisha ukaanza kuibonyeza kutafuta namba uliyoitaka, ukabonyeza tena. Ile iliyotumika uliirudisha mwenyewe. "Siwezi vaa kumbukumbu ya mtu mwingine," ukamwambia kijana. Ile nyeusi uliifunga mkononi, ukashusha mkono, ukauinua mara moja tu.

"Hii naisoma hata nikiwa na wasiwasi," ukasema. "Na naweza vaa kwa harusi."

Kwa hilo la harusi nilitabasamu peke yangu. Ile kubwa ungeivua mara tu ukitoka majini, kama kila kitu kinachoumiza mkono. Hii ungebaki nayo kwenye chakula, kwenye kanisa, kwenye kiti cha basi. Haitabaki msumarini. Nilitaka hivyo tu, na sikulazimika kukushawishi.

Halafu ile Jumapili. Mjomba wako alikuwa amekuja kula, akataka kuona hiyo saa aliyoisikia sana. Ulijaza maji beseni la vyombo ukaizamisha. Ikawaka yenyewe, na kabla ya namba yoyote ikatoka alama ndogo ya mlima. Wanjala akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

"Mlima, anko."

"Mlima gani?"

"Hapa. Inasema tuko mlimani."

Alikwenda dirishani akaitazama Tassia: magorofa, kamba za nguo juu ya paa, yule mama wa mayai ya kuchemsha pale chini. "Tassia imekuwa mlima tangu lini?" akauliza. "Hapa hata maji ya mvua haijui itelemkie wapi."

Ulicheka mpaka ukashika sinki. Kisha ukamweleza vizuri, kama utakavyowaeleza wageni wako, kwamba ukitoka chini ya bahari hata ufuo ni mlima, na kutoka ufuoni kuja hapa ni kupanda mara ya pili. "Gari pia inapanda, anko. Haina mabawa tu." Na uliposema hivyo, mkono wako wa kushoto ulikwenda ukashika kiwiko cha kulia. Uliniangalia. Mimi niliangalia beseni.

Ndipo nilipojua kwamba unajua. Labda ulijua siku ya daktari, labda hata kabla. Unanifichia ili nisijilaumu, nami nilikuwa nakufichia ili usiogope, na sisi wawili tukaendelea kuosha vyombo. Basi tumalize hapa. Mimi ndiye niliyekuita. Hukuwa na kosa katika kuja. Nimeshajilaumu kiasi cha kutosha na sina mpango wa kuendelea.

Nilimsindikiza Wanjala mpaka barabarani nikamweleza yote. Unajua asivyopenda kushindwa. Kwanza alisema, "Sasa maji inaweza kukataza mtu kuzika?" Hatua chache mbele akasimama karibu na kibanda cha fundi viatu. "Ni mimi nilisema hatungoji mtu," akasema. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga simu. Tukasimama pale watu wakitupita.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa ukoo Jericho, ule ambao ulikataa kwenda ukasema unanuka uzee. Mambo mengine yalipokwisha, Wanjala alisimama akatangaza kwamba kuanzia leo, likitokea jambo Naliaka akiwa pwani, ataulizwa kwanza kama ametoka majini, na akisema ndiyo, gari litangoja siku nzima au aje akute tumeshatangulia, na hakuna atakayefungua mdomo. Mzee mmoja akauliza ni desturi ya wapi hiyo. "Ni desturi ya kuanzia sasa," Wanjala akamjibu. "Huyo mtoto anapanda milima miwili kuja kwetu. Wewe ulipanda mingapi?" Akaketi. Nimekwenda mikutano mingi ya ukoo wetu na huo ndio wa kwanza niliotoka nikiwa nimeridhika.

Kwa hiyo njia iko wazi, iliyobaki ni mimi na wewe. Mimi najijua. Siku likitokea jambo nitaipata simu kabla sijapata akili, na nitasema, "Panda gari leo," kwa sababu ndivyo mdomo wangu ulivyozoea. Ukinisikia nasema hivyo, utazame mkono wako kabla ya kujibu. Kindege kikiwepo, niambie, "Kipo, mathe," neno hilo tu, nami nitaelewa. Nikibishana, kata simu. Hutakuwa umenikosea adabu. Nimekupa ruhusa hapa kwa mwandiko wangu, ukinionyesha siwezi kuukana.

Na kuna simu moja ambayo sitaipiga mimi. Ataipiga Wanjala, au mwingine ikiwa Wanjala naye hayupo. Natumaini ni baada ya miaka mingi. Afya yangu ni nzuri, na nataka kwanza kuja Diani uniingize majini mpaka magotini, nione hao samaki unaowasifu. Lakini simu hiyo itapigwa, na huenda ikakukuta umetoka majini sasa hivi, chumvi bado usoni. Usikimbilie stendi. Kaa kitako, kunywa maji, kula kitu hata kama hakipiti. Mwambie Kocha Mwinyi. Kisha ngoja mpaka kindege kizimike chenyewe, ndipo upande.

Utanikuta. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuwahi, lakini siku hiyo, mwanangu, sitakuwa na haraka yoyote.

Nasikia viatu vyako kwenye ngazi. Nywele naziona kesho kwenye mwanga. Leo nitasema zimekupendeza.

Mama
Tassia, mlimani